VUMBI LA MANGANEZI NA PICHA YA UBONGO



Mtu wa kazi ya manganezi akianza kutembea kwa vidole kama jogoo, akirudi nyuma anaanguka, na uso wake hauchekeki tena, msiseme upesi kwamba amerogwa. Pengine ni vumbi. Manganezi tunaijua: iko kwetu Kisenge. Ugonjwa wake ulielezwa na munganga James Couper tangu mwaka 1837, huko Scotland, kwa watu waliosaga jiwe hilo.

Lakini ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Munganga ataonaje kazi yake?

Katika hospitali kubwa za nje kuna mashini yenye umbo la pete. Mgonjwa anapigwa shindano la sukari yenye atomu za fluori zinazotoa mionzi. Kila dakika 110 nusu ya atomu hizo inakwisha. Ubongo unakula sukari nyingi, kwa hiyo sukari inakwenda huko. Atomu ikivunjika inatoa pozitroni. Pozitroni ikikutana na elektroni, zote mbili zinapotea, na mionzi miwili inatoka, mmoja huku, mwingine upande wa pili. Pete ikipigwa pande mbili kwa wakati mmoja, mashini inajua kwamba atomu ilikuwa juu ya mstari huo. Mahali gani juu ya mstari? Bado haijulikani.

Hapo ordinateri inaanza kazi. Inakisia picha, inahesabu picha hiyo ingetoa mistari gani, inalinganisha na mamilioni ya mistari iliyopimwa, halafu inasahihisha. Inarudia tena na tena. Shepp na Vardi walieleza njia hii mwaka 1982. Ilikuwa nzuri, lakini polepole. Mwaka 1994 Hudson na Larkin waligawa mistari katika mafungu, na ordinateri inasahihisha baada ya kila fungu. Ni kama shefu anayekagua kila wagoni, asiyengoja mwisho wa zamu. Kwa mafungu 10, picha inapatikana karibu mara 10 upesi zaidi. Lakini mgonjwa akitikisa kichwa, mistari inachanganyika, na picha inakuwa ukungu.

Mwaka 1989 waganga walitangaza habari za wagonjwa 4 wa manganezi. Walikakamaa kama watu wa ugonjwa wa Parkinson. Katika Parkinson, sehemu moja ya ndani ya ubongo inapokea kidogo tu dawa ya kupimia inayoitwa fluorodopa. Kwa hao 4, iliipokea sawasawa. Kumbe ni ugonjwa mwingine! Ndiyo sababu levodopa, dawa inayosaidia watu wa Parkinson, mara nyingi haiwasaidii watu wa manganezi.

Basi sikieni vizuri: picha inaonyesha, haiponyeshi. Ugonjwa huu unaweza kuendelea hata mtu akiisha kuacha kazi ya vumbi. Kinga iko mikononi mwenu:

1. Mwageni maji kabla ya kutoboa na kuvunja mawe.
2. Vaeni maski ya vumbi, hata kukiwa na joto.
3. Ogeni mwisho wa zamu. Nguo za kazi zisiingie nyumbani; vumbi lake linafika kwa watoto.
4. Mwendo, sauti au tabia ikigeuka, mwambieni munganga ni kazi gani mnafanya.

Mama, wewe ndiwe utakayeona kwanza. Usinyamaze.