Plagi za Gari: Kuzikagua na Kuzibadilisha

Plagi hutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Toyota Probox yenye injini ya 1NZ, gari la kawaida katika barabara ya Sotik, Chepilat na Keroka, ina silinda nne na plagi nne. Malori ya dizeli yanayobeba majani ya chai hayana plagi za cheche. Mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa.

Ncha za plagi zikilika, pengo kati yake hupanuka na cheche hupata taabu kuruka. Dalili hujitokeza gari lililojaa linapopanda mlima: injini hukatakata, nguvu hupungua na petroli huisha upesi. Plagi za nikeli hubadilishwa baada ya takriban kilomita 20,000 hadi 40,000. Nyingi za iridiamu hufika 100,000.

Kazi hufanywa injini ikiwa imepoa, kwani kichwa chake ni cha aluminiamu na meno ya matundu ya plagi huharibika kwa urahisi yakiwa moto. Katika Probox, kila koili, inayoipa plagi umeme, hukaa juu ya plagi yake na kushikiliwa na bolti moja ya spana namba 10. Koili ikishang'olewa, tundu hupulizwa kwanza, la sivyo vumbi la barabara za murram litaanguka ndani ya silinda. Plagi hufunguliwa kwa soketi ndefu, moja baada ya nyingine, kisha hupangwa kwa mfuatano wa silinda.

Mpangilio huo una faida yake, kwani rangi ya kila plagi hueleza hali ya silinda ilimotoka. Kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi hewa, pengine kwa sababu chujio la hewa limeziba. Weusi wenye mafuta hutokana na oili inayopenya, mara nyingi kupitia ringi za pistoni zilizochakaa. Ncha nyeupe yenye malengelenge imeungua kwa joto kupita kiasi.

Plagi mpya iwe ya namba iliyotajwa katika kitabu cha gari. Pengo, ambalo kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.7 na 1.1, hupimwa kwa geji. Ncha nyembamba ya iridiamu haipindwi wala kusuguliwa kwa brashi ya waya. Plagi huanza kuzungushwa kwa mkono hadi ikae. Ikiwa mpya na ina pete ya washa, huongezewa nusu hadi theluthi mbili za mzunguko kwa spana. Ikilegea, gesi ya mwako hupenya na plagi hupata joto mno. Ikikazwa kupita kiasi, meno hukatika.

Plagi mpya ikirudia weusi uleule baada ya muda mfupi, kilichoharibika si plagi: ukaguzi uhamie kwenye chujio, mfumo wa petroli au ringi.