Modeli za Handaki la Upepo na Chombo Kilichoopolewa katika Bahari ya Hindi

Handaki la upepo ni bomba pana ambamo hewa husukumwa kwa kasi ili ipite juu ya modeli iliyotulia, huku mizani iliyofungwa kwenye modeli ikipima nguvu zinazoiinua, kuirudisha nyuma na kuigeuza. Kwa wasanifu wa vyombo vya anga vya kutumika zaidi ya mara moja, modeli hiyo ilikuwa shahidi wa kwanza, ingawa si shahidi wa kila jambo. Chombo kinaporejea kutoka angani kwa kasi inayozidi ile ya sauti mara ishirini, hewa iliyo mbele yake hupata joto hata molekuli zake zikavunjika, na handaki halikuweza kuiga hali hiyo kikamilifu. Upungufu huo ulidhihirika Aprili 1981, Columbia iliporuka mara ya kwanza: pua yake ilielekea kuinuka kuliko ilivyokadiriwa, na bamba la chini ya mkia likalazimika kuinamishwa takribani mara mbili ya pembe iliyotarajiwa.

Muungano wa Kisovieti uliipeleka modeli yenyewe angani. BOR-4, nakala isiyo na rubani, takribani nusu ya ukubwa wa ndege iliyobuniwa katika mradi wa Spiral, ilirushwa Juni 1982 ili kujaribu vigae vya kukinga joto vya Buran. Ilishuka kwa mwavuli katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Visiwa vya Cocos. Bahari ileile ambayo wakazi wa Kinondoni na Temeke huijua kwa ngalawa na meli za mizigo.

Machi 1983, nakala nyingine ilipokuwa ikiopolewa huko, ndege ya doria ya Australia iliipiga picha. Kutokana na picha hizo, wahandisi wa kituo cha Langley, Virginia, walichonga modeli ndogo na kuziweka katika mahandaki yao. Picha haikuwaambia vigae viliundwaje, wala haikuhitajika kuwaambia: katika elimu ya mwendo wa hewa, umbo la nje ni sehemu kubwa ya siri yenyewe. Tumbo bapa, pua iliyoinuka na mabawa yaliyokunjwa kuelekea juu vilionekana kukipa chombo utulivu. Kutoka hapo ilizaliwa HL-20, na baadaye Dream Chaser.

HL-20 haikuruka. Mwaka 1990, hata hivyo, wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya North Carolina waliijengea nakala ya ukubwa kamili, iliyotumika kupima jinsi abiria wangekaa na kutoka ndani yake.