Mfuko wa ziada hauzuii ufa

"Mhandisi, niongeze mifuko mingapi ya saruji ili sakafu ya gereji isipasuke?" Hakuna. Wiki hii nimeulizwa mara tatu, mojawapo msibani, na aliyeuliza akaenda kumtafuta mwenye jibu tamu zaidi.

Zege likikauka linasinyaa. Kinachosinyaa ni uji wa saruji na maji. Kokoto zimetulia tu. Ukiongeza saruji, umeongeza kilekile kinachopasua. Tena mkorogo wenye saruji nyingi unakuwa mzito kama ugali, kwa hiyo kibarua anamimina maji ili chepe lipite. Kikemia saruji inataka maji kiasi cha robo ya uzito wake. Mengine ni ya kulainisha kazi tu, na yakitoka yanaacha vitundu. Mfuko wa kilo 50 unatoshwa na lita 25 hivi, unyevu wa mchanga ukiwa ndani ya hesabu. Nenda saiti uhesabu ndoo. Nimewahi kuhesabu lita 40 kwa mfuko mmoja, mwenye nyumba yuko pembeni anajisifu kwamba hakubania saruji.

Halafu niru, lile ganda la saruji tupu la kung'arisha sakafu. Mpenzi mmoja wa Land Rover za zamani, huko Tabata, alinionyesha sakafu inayong'aa kama sahani. Zege lilipokuwa bado bichi, fundi alinyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyopanda, akasugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikawa kioo. Jamaa alipoinua gari na kuweka stendi, mguu wa stendi ukabandua kipande cha upana wa kiganja, chembamba kama ukucha, na chini yake vumbi la kijivu linalofutika kwa kidole. Ndivyo inavyokuwa: maji yale yanatakiwa yaachwe yaondoke, ukiyafungia chini ya ganda, ganda halishikani na zege. Sebuleni, penye viti na zulia, pengine lingedumu. Yeye alitaka nimwambie apige niru ya pili.

Ufa utakuja tu, wewe uchagulie mahali. Kata mistari kwa mashine ndani ya saa 24, kina robo ya unene.

Mengine haraka. Gereji ya mita 6 kwa 4, zege la sentimita 10, ni mita za ujazo 2.4, kwa mkorogo wa 1:2:4 ni mifuko 15 au 16, basi. Mstari mmoja kati kwa urefu na mmoja kati kwa upana unatosha. Chini weka moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, juu yake nailoni nzito. Wavu wa chuma wa BRC ukae juu ya biskuti, vile vipande vya zege vya kuuinua. Ule unaolazwa chini ati "tutauvuta" hakuna anayeuvuta. Mteremko sentimita 1 kila mita kuelekea mlangoni. Unataka lifti ya nguzo mbili? Soma mwongozo wake kabla ya kumwaga, maana huenda sentimita 10 zisitoshe. Funika kwa magunia, mwagilia siku 7. Lifti isubiri siku 28, rangi ya epoksi vilevile. Na shimo la kushukia chini ya gari lichimbwe kabla ya nailoni: mwaka jana nilimkuta mtu analitafuta kwa nyundo na tindo.