Milango Minne kwa Mteja Mmoja: Ushirikiano wa Mashirika ya Huduma za Jamii Unavyojengwa na Kutunzwa

Katika huduma zinazotolewa na mashirika yasiyo ya kiserikali nchini Tanzania, hakuna eneo linaloweka wazi haja ya ushirikiano kuliko huduma kwa mtoto au mwanamke aliyefanyiwa ukatili, kwa kuwa mahitaji ya mtu huyo mmoja hutawanyika katika taasisi kadhaa ambazo kila moja ina taratibu zake, daftari lake na bajeti yake. Mtu huyo humhitaji askari wa Dawati la Jinsia na Watoto amfungulie jalada na kumpatia PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza ili matokeo ya uchunguzi yatumike kama ushahidi. Huhitaji hospitali, ambako dawa za kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi hazina budi kuanza ndani ya saa 72 baada ya tukio. Huhitaji nyumba salama, yaani makazi ya muda ambayo mahali yalipo hapatangazwi. Na humhitaji msaidizi wa kisheria, mtu asiye wakili lakini aliyepata mafunzo na anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Polisi na hospitali nyingi ni za serikali, ilhali nyumba salama na wasaidizi wa kisheria kwa sehemu kubwa wako chini ya mashirika, na mara nyingi shirika lenye nyumba silo lenye wasaidizi hao.

Kiungo cha huduma hizi ni rufaa, yaani utaratibu wa kumkabidhi mteja kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine. Fomu ya rufaa iliyoandaliwa vizuri huwa na sehemu mbili: ya juu hujazwa na anayempeleka mteja, na ya chini hujazwa na aliyempokea, kisha hukatwa na kurudishwa ilikotoka ili aliyempeleka ajue kwamba mteja alifika na alihudumiwa. Kipande hicho cha chini ndicho kipimo cha ushirikiano kilicho cha kweli kuliko picha ya wakurugenzi wakipeana mikono, kwa sababu kisiporudi, hakuna anayejua kama binti aliyepelekwa nyumba salama jioni alipokelewa au alirejea kwenye nyumba aliyoikimbia. Kisiporudi kwa muda mrefu, afisa aliyekuwa akijaza sehemu ya juu naye huacha kuijaza, huandika namba ya simu kwenye karatasi yoyote iliyo karibu na kumwambia mteja ajaribu mwenyewe. Na mteja hulazimika kusimulia upya, mbele ya mgeni mwingine, jambo ambalo kulisimulia mara moja tu kulikuwa mateso.

Serikali imejaribu kuziunganisha huduma hizi. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, uliagiza ziundwe kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, ambamo mashirika nayo yamo. Hata hivyo, kuketi pamoja katika kamati hakutoshi kuitwa ushirikiano, kwani mjumbe anaweza kuhudhuria kila kikao, akasaini mahudhurio na kusoma taarifa ya shirika lake, pasipo kubadili lolote katika namna ofisi yake inavyompokea mteja aliyetumwa na ofisi ya jirani.

Historia ya mashirika ya wanawake nchini inaonyesha ushirikiano ulioanzia kwenye kazi. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilishirikiana na mashirika mengine ya wanawake na watoto katika kampeni iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inayofahamika zaidi kwa kifupi cha SOSPA, ambayo pamoja na mambo mengine iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka na kuharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Wanahabari walikuwa na jambo ambalo wanasheria waliokuwa nao katika kampeni hiyo hawakuwa nalo, yaani uwezo wa kuitoa habari moja katika vyombo vingi kwa wakati mmoja hadi isipuuzwe, na wanasheria walijua kitu ambacho habari pekee isingekipata, yaani lugha ya vifungu inayoweza kusimama bungeni. Kila upande ulijua unamhitaji mwenzake kwa lipi, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo mashirika yanayotaka kushirikiana yanapaswa kujibizana kabla ya kuandika hati yoyote.

Leo mambo mengi huanza kinyume. Mfadhili hutangaza ruzuku na kudai maombi ya pamoja, muda wa kuomba ni mfupi, na shirika lenye mhasibu na mwandishi wa maandiko ya miradi huyatafuta mashirika madogo ya wilayani ili yatie saini. Hapo huzaliwa mgawanyo wa shirika kiongozi, linalopokea fedha na kuwajibika kwa mfadhili, na washirika watekelezaji, wanaopewa sehemu ya ruzuku ili wafanye kazi vijijini. Mpango huu si mbaya kwa asili yake, lakini una dosari ambayo haifai kufumbiwa macho: gharama za uendeshaji, yaani kodi ya ofisi, umeme na mshahara wa mhasibu, aghalabu hubaki kwa shirika kiongozi, ilhali shirika dogo hulipwa kwa shughuli pekee, kana kwamba mikutano ya kijiji huitishwa na watu wasiokula wala kupanga nyumba. Shirika linaloishi hivyo haliwezi kuitwa mshirika. Ni kibarua, na kibarua huwa hana nafasi ya kumweleza tajiri wake kwamba mpango aliouleta haufai.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Amri za kusitisha kazi zilianzia kwa mashirika makuu na kushuka hadi kwa wale waliokuwa chini yao, na washirika wadogo wakajikuta hawana mkataba wa moja kwa moja na mfadhili wala akiba ya kuwavusha, huku wateja wakiendelea kuwasubiri.

Kuutunza ushirikiano kunadai kazi ndogondogo zisizo na sherehe, na pengine ndiyo sababu kazi hizo hazitengewi fungu. Maofisa huhama, na makubaliano yaliyokuwa vichwani mwao huhama nao, kwa hiyo hati ya makubaliano inapaswa kutaja wadhifa wa mhusika pamoja na jina lake, na kila anayeondoka amkabidhi mrithi wake akiwa mbele ya mwenzake wa shirika la pili. Bajeti nzima ya mradi ionekane kwa pande zote, kwa maana fedha zinazofichwa huzaa minong'ono hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Taarifa ya mwaka itaje nani alifanya nini, kwa kuwa shirika dogo ambalo kazi yake hutoka daima chini ya nembo ya mkubwa halitakuwa na cha kuonyesha siku litakapoomba ruzuku kwa jina lake.

Hati hiyo haina budi pia kueleza ushirikiano utakavyokoma, kipengele ambacho wengi hukiruka kwa kuona haya. Mradi unapofungwa, majalada ya wateja hubaki na habari nzito kuhusu watu walio hai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu anayezishika kuzitumia apendavyo. Kwa hiyo ni lazima ijulikane mapema nani atayatunza, nani ataruhusiwa kuyafungua, na nani atapokea simu ya mama ambaye kesi ya mwanawe imeahirishwa hadi mwezi ambao mradi hautakuwepo tena.