Mbao yenye dawa haiingii jikoni

Hapa Kisangani mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na mchwa hawapumziki. Kwa mbao za ndani ya depo, chini ya paa, tunapaka boraksi iliyoyeyushwa katika maji. Nje haifai: mvua inaiosha yote. Nguzo za kufukia tunachagua kambala, na tunaondoa ile sehemu nyeupe ya nje, kwani ndiyo mchwa wanakula.

Kuna pia mbao za kijani zilizotiwa shaba, kromu na arseniki. Zinadumu kabisa, hata udongoni. Lakini vipande vyake visiwe kuni, ndugu washirika! Ukivichoma, arseniki inapanda na moshi, nyingine inabaki katika majivu. Ni sumu. Majivu hayo tusimwage shambani wala karibu na kisima.