Lugha Iliyolegeza Mpaka wa Heathrow

Makosa ya viwanja vya ndege yanapotajwa, aghalabu tunamfikiria dereva wa basi aliyewashusha abiria wa kutoka ng'ambo kwenye mlango wa safari za ndani, wakaenda zao bila pasipoti zao kutazamwa. Makosa kama hayo hutokea. Lakini yaliyotokea Heathrow, London, yaliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sehemu ya chanzo chake yamhusu kila mwalimu wa lugha.

Mnamo Februari 2012, John Vine, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa mipaka ya Uingereza, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba baina ya Juni 2010 na Novemba 2011 ukaguzi wa alama za vidole uwanjani humo ulisimamishwa mara 463. Shabaha ya ukaguzi huo ilikuwa kuthibitisha kuwa aliyefika na viza ndiye aliyeiomba. Yamkini Mkenya aliyetoa alama za vidole vyake jijini Nairobi, akangojea majibu roho mkononi, alifika Heathrow asipate hata mtu wa kuvitazama!

Maafisa walitaka kupunguza foleni. Je, nani aliwaruhusu? Mnamo Julai 2011, Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, aliidhinisha jaribio la kulegeza baadhi ya ukaguzi wa raia wa Ulaya, mradi tu iwe katika hali chache. Alama za vidole hazikuwamo katika idhini hiyo. Brodie Clark, mkuu wa kikosi cha mipaka, alishikilia kuwa zilisimamishwa chini ya utaratibu wa mwaka wa 2007. Alijiuzulu Novemba 2011. Naye Vine alipochunguza maandishi yaliyopita kati ya maafisa na mawaziri, pamoja na maagizo waliyopewa watendaji, aliona kuwa lugha yake haikuwa wazi, na iliweza kufasiriwa visivyo.

Hali chache ni zipi? Foleni ya nusu saa, au ya saa tatu? Neno "chache" halina kipimo. Katika mazungumzo hiyo si kasoro, maadamu msikilizaji anaweza kuuliza. Afisa wa zamu, aliyekabiliwa na umati uliochoka na watoto wanaolia, ana karatasi tu mkononi, na karatasi haijibu swali. Ajabu ni kwamba sisi walimu humsahihisha mwanafunzi upatanisho wa kisarufi kwa wino mwekundu, lakini agizo lake lisilosema nani afanye nini, lini, na kwa idhini ya nani, tukalipa alama zote.