Taa ya Mtoto Mchanga Haipimwi kwa Luksi

Mwanga una vipimo vya namna mbili. Wati hupima nishati yenyewe kwa kila sekunde. Lumeni na luksi hupima nishati hiyo jinsi jicho la binadamu linavyoiona. Na jicho lina upendeleo. Mchana huona vizuri zaidi kijani kinachokaribia manjano, chenye urefu wa wimbi wa nanomita 555, na mwaka 1924 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, iliuweka upendeleo huo katika jedwali linalotumika hadi leo. Wati moja ya kijani hicho ni lumeni 683. Wati moja ya buluu ya nanomita 460 ni lumeni 41 hivi tu.

Kwa taa ya sebuleni, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tatizo liko wodi ya watoto wachanga.

Mtoto mwenye umanjano hulazwa chini ya taa ya buluu kwa sababu bilirubini, ile rangi ya manjano iliyojaa damuni, hufyonza buluu kuliko rangi nyingine, hubadilika umbo, kisha hutoka kwa nyongo na mkojo. Tiba hii ilianzia Uingereza, katika hospitali ya Rochford, Essex, ambako muuguzi aligundua kuwa watoto waliopelekwa juani umanjano wao hupungua. Utafiti wa kutumia taa ulichapishwa mwaka 1958.

Bilirubini haina macho. Fundi akiikagua taa hiyo kwa kipima-luksi, ameleta kifaa kilichoundwa makusudi kuidharau buluu. Taa nyeupe inayotibu kidogo itaonyesha namba kubwa, ile ya buluu inayotibu kweli itaonekana hafifu, na huenda ndiyo itakayotupwa.

Kinachotakiwa ni kipimo cha taa za tiba, kinachosoma maikrowati kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Tiba kali huanzia 30, kati ya nanomita 460 na 490. Pima pale mtoto anapolala, maana taa ikiinuliwa nguvu inayomfikia hushuka. Tumia kifaa alichopendekeza mtengenezaji wa taa, kwani vifaa viwili tofauti vinaweza kutoa namba mbili chini ya taa moja. Wala usingoje balbu ififie machoni. Buluu inaweza kupungua bila wewe kutambua.

Wanaozinunulia hospitali taa hizi, au kuzitoa msaada, waweke na kipimo chake katika bajeti ileile.